Kuhama Mfumo Endeshi Huria: Haki ya Kuondoka na Uwezo wa Kuondoka

Mazungumzo haya yanahusu uamuzi ambao kila taasisi inayoendesha seva zake yenyewe, iwe chuo, hospitali, chama cha akiba na mikopo au kampuni ya huduma za intaneti, hujikuta ikilazimika kuufanya baada ya miaka kadhaa, nao ni uamuzi wa kuacha mfumo endeshi mmoja ulio huria na kuhamia mwingine ulio huria vilevile. Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoisimamia kompyuta, yaani ndiyo inayozigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa prosesa, inayosoma na kuandika kwenye diski, na inayopokea na kutuma data mtandaoni. Huitwa huria pale ambapo msimbo wake, yaani maandishi ya watengenezaji ambamo kila amri ya programu imeandikwa, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa kwa masharti ya leseni yake. Wengi hudhani kwamba aliyekwisha kuingia katika uwanja huo hana haja tena ya kuhofia kuhamahama, kwa kuwa hadaiwi ada ya leseni wala hafungwi na mwenye mali. Dhana hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu, na kisa kinachodhihirisha nusu iliyobaki ni kile cha mfumo uitwao CentOS.

Ili kisa hicho kieleweke, ni vema kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Linux, kwa maana yake halisi, ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachowasiliana moja kwa moja na vifaa vya kompyuta, ambacho Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki nchini Ufini, alianza kukigawa mwaka 1991. Kiini hicho peke yake hakimfai mtumiaji, kwa hiyo makundi mbalimbali hukichukua, hukiunganisha na maelfu ya programu nyingine, zikiwemo zile za mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, hupanga namna ya kuziweka na kuzisasisha, kisha hutoa mfumo uliokamilika ambao mafundi huuita distro. Mojawapo ya distro hizo ni Red Hat Enterprise Linux, inayotolewa na kampuni ya Marekani ya Red Hat, ambayo msimbo wake ni huria lakini anayetaka kuletewa masasisho na kuhudumiwa hulipia ada. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wajitolea walianza mwaka 2004 kuuchukua, kuondoa nembo za kibiashara, kuujenga upya na kuutoa bure kwa jina la CentOS, na katika muda mfupi mfumo huo ulienea katika kampuni za kuhifadhi tovuti, vyuo na maabara za utafiti duniani kote.

Maisha ya CentOS hayakuwa shwari hata ilipokuwa mikononi mwa wajitolea watupu. Mwaka 2009 watengenezaji wake walilazimika kumwandikia barua ya wazi mmoja wa waasisi, ambaye jina la kikoa cha mradi na michango ya fedha vilikuwa chini yake ilhali hapatikani, na ingawa jambo hilo lilimalizwa kwa makubaliano, lilifichua kwamba mfumo uliotegemewa na seva zisizo na idadi ulikuwa ukining'inia kwa mtu mmoja. Kisha Red Hat ilipotoa toleo lake la 6 mnamo Novemba 2010, toleo la CentOS lililolingana nalo halikutoka hadi Julai 2011, yaani miezi minane baadaye, kwa sababu mikono ya kufanya kazi ilikuwa michache. Mwezi Januari 2014 Red Hat yenyewe iliuchukua mradi chini ya mwavuli wake na kuwaajiri baadhi ya watengenezaji, hatua iliyopokewa na wengi kama dawa ya udhaifu huo. Mwaka 2019 kampuni ya IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat kwa takriban dola bilioni 34, na mwezi Septemba mwaka huohuo CentOS 8 ikatoka, watumiaji wakitarajia kuwa itatunzwa hadi mwaka 2029.

Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8 itafikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2021, na kwamba nguvu zote zitaelekezwa kwenye CentOS Stream, mfumo ambao haufuati nyuma ya Red Hat Enterprise Linux kama ilivyokuwa desturi, bali hutangulia mbele yake kama uwanja wa kuandalia matoleo yajayo. CentOS 7, iliyo ya zamani zaidi, iliachiwa muda wake wote hadi tarehe 30 Juni 2024. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha mazoea, kwa kuwa msimamizi mwenye bidii aliyeharakisha kupandisha seva zake kwenye toleo jipya alibakiwa na mwaka mmoja na wiki chache, ilhali mwenzake aliyezembea kwenye toleo kuukuu alikuwa na miaka mitatu na nusu ya kujipanga.

Ni muhimu kufahamu kwamba mfumo endeshi unapofikia mwisho wa matunzo, seva haizimiki. Huendelea kuhudumu kesho yake kama jana, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Kinachokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho madogo yanayoziba matundu kadiri yanavyogunduliwa, na kwa kuwa matundu hayo hutangazwa hadharani ili wote wayazibe, seva isiyopata viraka huzidi kuwa wazi kwa wahalifu kila mwezi unaopita. Kwa sababu hiyo swali lililowakabili wasimamizi wa CentOS halikuwa kama wahame, bali wahamie wapi, na mbele yao zilikuwapo njia tatu zilizotofautiana kwa umbali.

Njia ya karibu ilikuwa kuhamia kwa ndugu wa damu. Mara tu baada ya tangazo, Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, alitangaza mradi wa Rocky Linux, ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka Juni 2021, ilhali kampuni ya CloudLinux ilianzisha AlmaLinux, iliyotoka Machi mwaka huohuo na kukabidhiwa kwa wakfu usio wa kibiashara. Oracle nayo ilikuwa ikitoa mfumo wa aina hiyohiyo tangu mwaka 2006. Faida ya njia hii ilikuwa kwamba mifumo hiyo ilijengwa kwa msimbo uleule, hivyo zilitungwa programu ndogo za kugeuza seva papo hapo ilipo, ambazo hubadilisha maghala ya vifurushi, yaani hazina za mtandaoni zinakotolewa programu na masasisho, na kupachika vifurushi vya mwenyeji mpya mahali pa vile vya zamani, huku data na mipangilio ya msimamizi ikibaki kama ilivyokuwa. Maabara mbili kubwa za fizikia, CERN ya mpakani mwa Uswisi na Ufaransa na Fermilab ya Marekani, zilichagua njia hii na kutangaza kwa pamoja mwezi Desemba 2022 kwamba zitatumia AlmaLinux.

Njia ya kati ilikuwa kubaki ndani ya Linux lakini kuingia ukoo mwingine, hasa ule wa Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, au wa Ubuntu, unaotokana na Debian. Hapa kerneli ni ileile lakini mazoea ya mikono hubadilika. Amri ya kuweka programu iliyokuwa dnf huwa apt. Seva ya tovuti ya Apache, ambayo katika ukoo wa Red Hat huitwa httpd na kuhifadhi mipangilio yake katika saraka ya jina hilo, katika Debian huitwa apache2 na mipangilio yake hugawanywa katika mafaili madogo yanayowashwa na kuzimwa moja moja. Na ulinzi wa ndani unaozuia programu kugusa yasiyoihusu, ambao kwa Red Hat hutekelezwa na SELinux, kwa Debian na Ubuntu kwa kawaida hutekelezwa na AppArmor, wenye kanuni zinazoandikwa kwa namna tofauti kabisa. Hakuna kati ya hayo lililo gumu kujifunza, lakini kila hati ya maelekezo na kila mfululizo wa amri ambao taasisi imejiandikia kwa miaka mingi lazima upitiwe mstari kwa mstari.

Njia ya mbali ilikuwa kutoka nje ya Linux na kuingia FreeBSD, mfumo ulioanza mwaka 1993 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kinyume na distro ya Linux, ambayo ni mkusanyiko wa kazi za miradi mingi, FreeBSD huandaa kerneli na programu za msingi pamoja, chini ya mradi mmoja na katika ghala moja la msimbo, na programu zinazotoka kwingineko huwekwa kando katika saraka yake, hivyo msimamizi hujua wazi kipi ni cha mfumo na kipi kimeongezwa. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2000 mfumo huo una kile kiitwacho jela, yaani sehemu iliyozungushiwa ukuta ndani ya seva moja ambamo programu huendeshwa bila kuona za jirani, na tangu mwaka 2008 una ZFS, mfumo wa mafaili unaoweza kunasa hali ya diski nzima kwa sekunde chache ili msimamizi aweze kuirudia iwapo sasisho limeharibika. Kampuni ya Netflix hutumia FreeBSD katika seva zake za kusambazia filamu, jambo linaloonyesha kwamba mfumo huo unastahimili kazi nzito. Hata hivyo anayeuendea lazima akubali kwamba draiva za vifaa ni chache kuliko za Linux, na kwamba makontena ya Docker, ambayo programu nyingi za siku hizi husambazwa ndani yake, yametengenezwa kwa ajili ya kerneli ya Linux.

Mijadala ya kuchagua baina ya njia hizo kwa kawaida huanzia kwenye ubora wa kiufundi, yaani kasi, wingi wa vifurushi au urahisi wa amri. Lakini kisa cha CentOS chenyewe kinaonyesha kwamba mpangilio huo wa maswali umepinduliwa, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya misukosuko yake, tangu barua ya wazi ya mwaka 2009 hadi tangazo la mwaka 2020, uliotokana na upungufu wa kiufundi. Mfumo ulikuwa mzuri wakati wote. Kilichoyumba ni utunzaji wake. Wajitolea walielemewa, kampuni ikabadili mwelekeo, na hivyo katika umri mmoja CentOS ilionja udhaifu wa aina zote mbili za watunzaji. Leseni huria inahakikisha kwamba msimbo hauwezi kunyang'anywa, ndiyo maana Rocky na Alma ziliweza kuzaliwa, lakini haimwajibishi mtu yeyote kuendelea kutoa viraka kesho. Kwa hiyo swali la kwanza kwa taasisi inayofikiria kuhama linapaswa kuwa ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya uhai wa mfumo unaoendewa, na kauli hiyo inaweza kubadilishwa kwa utaratibu gani.

Majibu ya swali hilo hutofautiana sana. Debian haina kampuni mmiliki. Ina katiba, ina mkataba wa kijamii uliopitishwa mwaka 1997 unaoahidi kwamba mfumo utabaki huria, na kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka kwa kura za wanachama. Utaratibu huo hauondoi mifarakano, kwani mwaka 2014 mabishano kuhusu systemd, programu inayoamsha na kusimamia huduma zote za mfumo, yalifikia hatua ya baadhi ya watu kujitenga na kuanzisha distro yao iitwayo Devuan. Lakini mabishano yenyewe yalifanyika hadharani, kwa kura, na kila aliyehusika aliona mapema yalikoelekea. Ubuntu inategemea kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, hivyo hunufaika na uwezo wa kampuni na kubeba hatari ya kampuni. FreeBSD huongozwa na baraza ambalo wenye ruhusa ya kuandika katika msimbo hulichagua kila baada ya miaka miwili, na wakfu wake hushughulikia fedha.

Ndugu wa damu wa CentOS nao walipewa mtihani wao mwezi Juni 2023, Red Hat ilipotangaza kwamba msimbo wa mfumo wake utakaotolewa kwa umma utakuwa ule wa CentOS Stream pekee, na kwamba msimbo kamili wa matoleo ya kibiashara utapatikana kwa wateja. Tangazo hilo liliwagawa. AlmaLinux iliamua kuacha kuwa nakala isiyotofautiana hata kidogo na ya Red Hat, ikajiwekea lengo la kuhakikisha tu kwamba programu iliyojengwa kwa ajili ya Red Hat itafanya kazi juu yake bila kujengwa upya, ilhali Rocky ilishikilia lengo la unakala, na kampuni ya CIQ ya Kurtzer ikaungana na kampuni za Oracle na SUSE mwezi Agosti mwaka huo kuunda chama kiitwacho OpenELA cha kugawana msimbo unaohitajika. Aliyechagua njia ya karibu mwaka 2021 kwa kuwa ilikuwa rahisi alijikuta baada ya miaka miwili akilazimika kuuliza swali lilelile alilolikwepa.

Baada ya swali la watunzaji kujibiwa, ndipo gharama za kiufundi zipimwe, na miongoni mwazo zile zisizoonekana ndizo zenye madhara makubwa. Mfano mmoja unatosha kulieleza jambo hili. Takriban kila programu ya Linux hutegemea maktaba ya msingi iitwayo glibc, ambayo pamoja na kazi nyingine huamua herufi na alama zifuatane vipi maneno yanapopangwa. Toleo lake la 2.28, lililotoka mwaka 2018, lilibadili kanuni hizo, na mabadiliko hayo yapo kati ya CentOS 7, yenye toleo la 2.17, na mifumo yote ya kizazi cha 8, kama yalivyo kati ya Debian 9 na Debian 10. Kwa mpangilio wa kawaida wa Kiingereza cha Marekani, namba 11 hapo awali ilitangulia mbele ya maandishi yenye kistari kama 1-1. Baada ya mabadiliko, 1-1 ndiyo hutangulia.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo hadi ikumbukwe kwamba hifadhidata ya PostgreSQL hutafuta kumbukumbu kwa faharasa, yaani orodha iliyopangwa mapema kwa kanuni za maktaba hiyohiyo. Mafaili ya hifadhidata yakinakiliwa yalivyo kutoka seva ya zamani kwenda mpya, faharasa iliyopangwa kwa kanuni za kale husomwa kwa kanuni mpya, na matokeo yake ni kwamba mgonjwa au mwanachama aliyemo kwenye kumbukumbu huweza kutafutwa asionekane, au namba isiyopaswa kujirudia ikaandikwa mara mbili, bila ujumbe wowote wa hitilafu kutokea. Majina yenye alama ndani yake, kama Ng'ang'a na Ng'wandu, ni miongoni mwa yanayostahili kukaguliwa kwanza. Tiba yake ni nyepesi kwa anayejua, ama kuzijenga upya faharasa zote zenye maandishi, ama kuhamisha data kwa kuitoa nje kama maandishi na kuiingiza upya; lakini asiyejua huweza kuhudumia umma kwa miezi kabla ya kugundua kwamba daftari lake lina mapengo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kuhama haihusu kuweka mfumo mpya bali kuorodhesha ulichonacho ule wa zamani, kwa maana wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Orodha hiyo hutaja kila huduma inayoendeshwa, toleo lake, mipangilio yake iliyobadilishwa na sababu ya kubadilishwa, kazi zinazojiendesha zenyewe usiku, na watu wanaozitegemea. CentOS 7, kwa mfano, ilikuja na Python 2.7, PHP 5.4 na PostgreSQL 9.2, na taasisi nyingi zilikuwa na programu zilizoandikiwa matoleo hayo na mafundi ambao wameshaondoka. Katika hali hiyo kazi kubwa ya kuhama huwa ni kuzifufua programu hizo kwa matoleo ya kisasa, na mfumo endeshi wenyewe huwa sehemu ndogo. Hatua ya pili ni kurejesha nakala rudufu kwenye mashine ya majaribio, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitika kuwa nakala. Hatua ya tatu ni kuendesha mifumo miwili sambamba kwa muda, ukianza na huduma ambayo ikiyumba haimuumizi mtu, na kuiacha seva ya zamani bila kuifuta hadi mzunguko mzima wa kazi, kwa mfano kufunga hesabu za mwezi au kusajili muhula, upite salama kwenye seva mpya.

Haifuati kutokana na hayo kwamba kila anayesikia habari za mfumo mwingine anapaswa kuhama. Mkataa pema pabaya panamwita, na wapo wasimamizi wanaobadili distro kila mwaka kwa kuvutiwa na sura mpya, wakiwaachia warithi wao seva kumi zenye desturi kumi. Mfumo ambao matunzo yake yana miaka mitatu au zaidi mbele, ambao watunzaji wake hutangaza ratiba na kuitimiza, na ambao mafundi waliopo wanaufahamu, hauna sababu ya kuachwa, hata kama mwingine unasifiwa kwa kasi. Sababu zinazotosheleza kuhama ni chache: matunzo kukaribia ukingoni, watunzaji kubadili masharti kwa namna isiyokubalika, au kazi mpya ambayo mfumo uliopo hauwezi kabisa kuibeba.

Linabaki jambo moja ambalo taasisi zinazotumia programu huria bila malipo haziwezi kulikwepa. CentOS ilitumiwa na wengi mno na kutunzwa na wachache mno, na toleo lililochelewa kwa miezi minane lilikuwa onyo ambalo watumiaji wengi walilichukulia kama usumbufu wa muda. Taasisi inayochagua mfumo mpya leo inachagua pia kiasi cha mzigo itakaoubeba katika kuutunza, iwe kwa ada ya huduma, kwa mchango kwa wakfu, kwa kuripoti hitilafu kwa ukamilifu, au kwa kumruhusu fundi wake kutumia sehemu ya saa za kazi katika mradi huo. Leseni imeipa kila taasisi haki ya kuondoka inapotaka. Uwezo wa kuondoka hutokana na orodha iliyoandikwa, nakala iliyojaribiwa na fundi anayeelewa kilichomo ndani ya seva, na mambo hayo matatu lazima yatengewe bajeti wakati mfumo uliopo bado unafanya kazi vizuri.